Mimba Mbili na Chupa ya Insulini

Keroka ni mji wa kaunti mbili. Ukishuka matatu kutoka Kisii, upande mmoja uko Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii. Ukivuka barabara uko Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, na serikali hizo mbili zimekuwa zikigombania ushuru wa soko letu tangu ugatuzi uanze 2013. Hapo ndipo penye duka langu la vitambaa na kibanda cha M-Pesa. Sukari niliipata nikiwa kidato cha tatu, ile aina ya kwanza ambayo mwili huacha kabisa kujitengenezea insulini, kwa hiyo bila sindano siishi. Nimebeba mimba mbili nikiwa nayo. Mkubwa yuko gredi ya kwanza, mdogo anatembea kwa kushika viti.

Wanawake huja dukani kuuliza, mmoja akijifanya anachagua kitenge, mwingine akingoja wateja waishe. Wote huuliza juu ya ile miezi tisa. Mimi huwajibu kuanzia kabla yake na kumalizia baada yake, kwa sababu tumbo likionekana kila mtu hukuangalia, na hatari nyingi ziko wakati ambao hakuna anayekuangalia.

1. Panga mimba kabla ya mimba

Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki 8 za kwanza. Wiki hizo wengi wetu huzimaliza tukidhani hedhi imechelewa tu. Sukari ya mama ikiwa juu siku hizo, hatari ya mimba kutoka huongezeka, na vilevile hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo au ya uti wa mgongo. Ukifika kliniki ya wajawazito na tumbo la miezi mitano, sehemu hiyo ilishapita zamani.

Nilipoolewa, muuguzi wa kliniki ya sukari aliniuliza kabla hajanipima: "Dada, mtoto mnamtaka lini?" Nikamwambia hata leo. Akaniandikia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha sukari imekuwaje kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Yangu ilivuka 10. Ushauri wa wataalamu ni kwamba mwanamke aliye juu ya asilimia 10 asishike mimba kwanza, na anayejiandaa ajitahidi kufika chini ya 6.5 ikiwa anaweza bila sukari kumwangusha kila mara. Nikaendelea na mpango wa uzazi, daktari akaniongezea sindano ya mchana, nami nikaanza kujipima kila kabla ya kula na kabla ya kulala.

Kungoja ndiko kugumu. Kwetu ukiolewa, miezi michache tu macho yote yako tumboni mwako, na ukikaa kimya watu hujitungia sababu. Mume wangu ndiye aliyemaliza maneno. Tulienda kwa mama yake Jumapili, chai ikamiminwa, akasema: "Mama, daktari ametupa mtihani. Tukipita, utaitwa magokoro, nyanya wa mtu. Usituharakishe." Mama mkwe akacheka, akauliza mtihani wenyewe una maswali mangapi. Tangu siku hiyo, jirani akiuliza, alijibu yeye.

Katika kungoja huko kuna mambo mengine ya kufanya. Asidi ya foliki kwa mwenye sukari ni miligramu 5 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kile kidonge cha damu wanachopewa wajawazito wote kina miligramu 0.4 tu. Macho yachunguzwe, maana mimba huweza kuharakisha uharibifu wa mishipa ya jicho uliokwisha kuanza. Mkojo upimwe protini, kwa ajili ya figo. Na dawa zote unazomeza ziwekwe mezani mbele ya daktari: enalapril na losartan, ambazo wengi wetu hupewa kwa presha au figo, hazimfai mtoto, na atorvastatin nayo husimamishwa. Usiziache kwa uamuzi wako. Ziko dawa za presha zinazokubaliana na mimba, na daktari ndiye atakayebadilisha.

2. Vitabu viwili visipoonana, wewe ndiwe utakayekosa

Kliniki ya sukari ilikuwa siku moja, ya wajawazito siku nyingine, na katika kituo kimoja nilichopitia wahudumu wa huku hawakujua wa kule wameandika nini. Niliwahi kupewa dozi mbili tofauti za insulini ndani ya juma moja. Tangu hapo kila kiwango cha sukari na kila badiliko la sindano naliandika kwenye kile kitabu cha afya ya mama na mtoto, pembezoni, kwa kalamu nyekundu. Aliyekifungua hakuweza kusema hakuona.

3. Hata wimbi lazima lipimwe

Mama mkwe wangu ana imani moja isiyotikisika: wimbi ni dawa, na dawa haipandishi sukari. Kuna ukweli ndani yake. Unga wa wimbi una nyuzinyuzi na madini ya kalsiamu mengi kuliko sembe iliyokobolewa. Lakini wanga ni wanga. Ukisaga laini, ukapika uji mwepesi na ukaunywa ukiwa moto, unaingia kwenye damu upesi sana.

Sikubishana naye. Niliiweka mashine ya kupimia karibu na jiko, nikamwita aone. Nimepewa malengo mawili ya kushika wakati wa mimba: kabla ya chakula sukari iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula isipite 7.8. Nikanywa kikombe kikubwa cha uji wa wimbi, bila sukari kabisa, na saa moja baadaye nikajidunga kidole: 11 na pointi. Kesho yake nikala obokima, yaani ugali, ya wimbi iliyo sawa na ngumi yangu, na mboga ya chinsaga ya kujaza sahani, na omena. Ikasoma 7.1. Mama mkwe alishika kile kijiti akakigeuza kama mtu anayekagua noti bandia. Halafu akasema: "Kumbe ni uji." Tangu hapo obokima yangu aliifinyanga kwa mkono wake, na ikizidi ngumi aliikata.

Mengine niliyoyapata kwa kujipima: ndizi za kupika hazina neno nikila mbili au tatu na maharagwe, lakini ndizi ikiiva ule wanga umegeuka sukari, kwa hiyo mbivu ni moja, tena ndogo, tena si asubuhi. Asubuhi mwili wa mjamzito hukataa insulini zaidi. Mkate uleule ulionipandisha saa mbili haukunifanya kitu saa kumi. Avokado nilikula nilivyotaka. Sukari guru, ile ya miwa ya Mugirango Kusini ambayo watu huapa kwamba haina madhara kwa kuwa haijapita kiwanda kikubwa, hupandisha kama nyingine yoyote. Chai ya maziwa bila sukari nimeizoea, ila ugenini ni vita: ukikataa kikombe cha kwanza umekataa nyumba. Nilijifunza kubeba jibu moja, "daktari amenifungia," kwa sababu ukianza kueleza utaambiwa kidogo hakidhuru.

4. Katika miezi ya kwanza, sukari ya chini ndiyo ya kuogopwa

Hili halisemwi vya kutosha. Wote tunafundishwa kuogopa sukari kupanda, lakini kati ya wiki ya 8 na ya 16 hivi mwili huweza kuhitaji insulini pungufu kuliko ulivyozoea, na kichefuchefu kikiongezeka hapo, sindano uliyochoma inabaki bila chakula cha kufanyia kazi. Halafu dalili zenyewe hufifia. Kutetemeka na moyo kudunda, vitu vilivyokuwa vikiniamsha zamani, havikuja.

Usiku mmoja mume wangu aliamka akanikuta nimelowa jasho, nimekaa kitandani, namjibu kwa Kiswahili cha darasani wakati yeye ananisemesha Kigusii. Akajua. Alichukua mashine, akanidunga: 2.6. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji nusu kikombe, akanishika kidevu nikanywa. Dakika 15, akapima tena: 4.4. Ndipo akanipa kipande cha mkate, kwa sababu ile sukari ya maji huisha upesi na mtu huweza kuanguka tena. Hatukuita mtu. Lakini kama nisingeweza kumeza, asingenimiminia kitu mdomoni. Angenilaza ubavu na kutafuta gari.

Yeyote anayelala chumba kimoja na mjamzito mwenye insulini ajue haya yote kabla ya usiku wenyewe. Dukani mwangu sukari iko kwenye kopo la vifungo, na msaidizi wangu analijua. Nikipanda bodaboda hadi Nyamira, peremende ziko mfukoni wala si kwenye mkoba uliofungwa nyuma.

Na ukitapika mfululizo, usiache sindano ile ya muda mrefu eti kwa sababu hujala. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, damu hujaa asidi, na mjamzito hufikia hali hiyo haraka hata sukari ikiwa haijapanda sana. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

5. Dozi ikipanda, mimba inafanya kazi yake

Kuanzia kama mwezi wa tano mambo yaligeuka. Kila kliniki niliongezewa, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa nachoma zaidi ya mara mbili ya dozi yangu ya kawaida. Shangazi mmoja alisema sindano zinaninenepesha mtoto, nipunguze. Ukweli ni kinyume. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazozuia insulini ya mama isifanye kazi vizuri, ili mtoto apate chakula cha kutosha. Mwanamke asiye na sukari kongosho lake hujiongezea lenyewe. Mimi naongeza kwa bomba la sindano. La kutia hofu ni dozi kushuka ghafla mwishoni bila sababu: hapo nenda ukaangaliwe, huenda kondo limechoka.

Ninaposikia watu wakiilaumu insulini hukumbuka kwamba mtu wa kwanza kuchomwa dawa hii, huko Toronto, alichomwa Januari 1922. Kabla ya hapo, msichana mwenye aina yangu ya sukari hakuishi kufikia kuolewa, sembuse kuzaa. Daktari Priscilla White wa Boston alianza kuwahudumia wajawazito wenye sukari miaka ile ya 1920, wakati karibu nusu ya mimba zao zilipotea. Alipostaafu 1974, zaidi ya watoto 9 kwa kila 10 walikuwa wakizaliwa hai. Silaha zake kubwa zilikuwa kupima, kupanga dozi na kumwona mama mara kwa mara.

Kuhusu kuitunza insulini yenyewe: wengi huku hatuna friji, na hata walio nayo stima hupotea. Chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, kati yake mchanga uliomwagiwa maji, juu kitambaa kibichi, kiwekwe kivulini panapopita upepo. Baridi ya Nyamira husaidia. Chupa iliyofunguliwa hudumu kama wiki 4 hivi. Andika tarehe ya kuifungua kwenye lebo. Usiiweke karibu na mabati wala kwenye barafu, maana insulini iliyoganda imekufa. Gharama iliyonitoa jasho si insulini bali vijiti vya mashine. Nikaacha kununua vitu kadhaa ili vijiti visikosekane.

6. Mtoto wa kilo nne na nusu si sifa

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na wanawake ambao hawakuwahi kuwa na sukari hadi mimba ilipowapa. Yao na yangu si moja, lakini mlango ni ule ule: sukari ya mama hupita kwa mtoto, insulini ya mama haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo humnenepesha mabega na tumbo. Kichwa hutoka, mabega hukwama. Sokoni mtoto wa namna hiyo husifiwa kwa majigambo. Aliyemzaa ukimwuliza faraghani atakuambia mengine.

Kama umewahi kuzaa mtoto mkubwa hivyo, au mama yako ana sukari, au mimba iliyopita iliharibika bila sababu kujulikana, omba kipimo cha glukosi kati ya wiki ya 24 na 28. Unakuja hujala, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kufikia 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya mbili, hata kimoja tu, ni sukari ya mimba. Kijiti cha mkojo peke yake huwapita wengi. Wengi wa wanaogunduliwa hutulia kwa chakula na kutembea. Wengine hupewa metformin au insulini.

7. Mahali pa kujifungulia hupangwa mapema

Dispensari ya karibu ina wauguzi wazuri, ila haina chumba cha upasuaji wala nasari ya watoto wachanga. Kwa sisi vyote viwili vinahitajika. Wengi wa upande wangu huandikiwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au hospitali ya rufaa ya kaunti pale Nyamira, na mwenye aina ya kwanza huzaa kwa mpango, mara nyingi kati ya wiki ya 37 na 38 na siku kadhaa, bila kungoja uchungu uje wenyewe. Kwa kawaida au kwa upasuaji, huamuliwa kwa hali yenu. Ukiwa leba sukari hupimwa kila saa. Aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12 nilipewa kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, na kichwa kikali au kuona nyota machoni ni sababu ya kuondoka nyumbani usiku huohuo.

Upande wa pesa: mimba ya kwanza nililipiwa na mpango wa serikali wa Linda Mama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, bima ya afya ya serikali, na sisi tusio na mshahara hulipa mwaka mzima mapema, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Lipa ukiwa bado unapanga mimba. Siku ya kulazwa si siku ya kuhangaika na simu.

8. Maziwa ya kwanza ni dawa ya mtoto

Mtoto aliyezoea sukari nyingi tumboni huzaliwa kongosho lake bado linatoa insulini kwa kasi, na chakula kimekatwa. Sukari yake huweza kuporomoka katika saa za mwanzo. Atadungwa kisigino mara kadhaa; usiwazuie. Mweke ziwani ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa mazito ya manjano yasimwagwe. Nyanya mmoja wodini alitaka kumpa mjukuu maji ya glukosi, sisita akamwambia kwa upole: "Nyanya, dawa anayo mama yake."

9. Kadi ya mtoto ina tarehe zako pia

Kondo likitoka, zile homoni zimeondoka nalo, na insulini unayohitaji hushuka saa hiyohiyo hadi kiwango cha kabla ya mimba, mara nyingine chini yake. Dozi ya baada ya kuzaa niliandikiwa kabla, nikampa mume wangu karatasi. Kunyonyesha nako hushusha sukari, hasa usiku. Nilikuwa nakula kitu kidogo kabla ya kumweka mtoto ziwani. Insulini na metformin hazimdhuru anayenyonya.

Halafu wageni wanaanza. Kwetu mzazi huletewa chinsaga ili damu irudi na maziwa yaje, na hiyo nilikula bila kupima. Lakini kila thermosi ya uji iliyoingia ilikuwa na sukari. Mama mkwe, yule wa wimbi, ndiye aliyekaa mlangoni. Aliupokea uji kwa mikono miwili, akashukuru, akawanywesha watoto wa jirani.

Baada ya wiki chache wageni huisha, na kliniki inayofuata ni ya mtoto. Anapimwa uzito, anachomwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, ya miezi 9, na hakuna anayemwuliza mama sukari yake. Wenye sukari ya mimba ndio hupotelea hapa: inatoweka baada ya kuzaa, wanafurahi, wanasahau, na hatari yao ya kupata aina ya pili huko mbele ni kama mara 10 ya mwanamke mwingine. Kipimo cha glukosi hurudiwa kati ya wiki ya 6 na 12, kisha kila mwaka. Huwaambia wafanye siku ya chanjo, maana siku hiyo hawawezi kuikosa. Wiki ya 10 ni nzuri, usingizi umerudi kidogo. Mwulize pia muuguzi habari za mpango wa uzazi hapohapo, ili mimba ijayo nayo ipate muda wake wa kuandaliwa.

Tangu Septemba 2023 mapromota wa afya ya jamii walipopewa mikoba yenye mashine za presha na za sukari, mambo yamesogea kidogo. Wa kijijini kwetu hupita kwangu akielekea mlimani, na akimkuta mteja mwenye mtoto mgongoni humwuliza kama alipimwa. Mmoja wa wateja wangu alifuata ushauri wa wiki ya 10. Baada ya saa mbili ilisoma 9.1: si sukari, wala si kawaida. Sasa anatembea kwa miguu kutoka sokoni badala ya kupanda bodaboda, na kipimo chake cha mwaka amekipanga tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ambapo kambi za kupima bure huwa hazikosekani mjini Kisii.